Je, wajua kwa nini Kardinali Pengo hakupiga kura ya kumchagua Papa mwaka 2025?

Mei 2025, watu wakiukodolea macho moshi wa Kikanisa cha Sistina kule Vatikani, makardinali wanamopigia kura ya Papa, swali moja lilikuwa jepesi kuzuka miongoni mwa Wakatoliki wa Dar es Salaam: mbona Mwadhama Polycarp Kardinali Pengo hayumo? Huyu ndiye aliyeliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam kuanzia 1992 hadi 2019. Aliingia kumchagua Papa mwaka 2005, akaingia tena 2013. Safari hii Tanzania ikawakilishwa na Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, na mzee wetu akabaki nje. Wapo waliodhani ni ugonjwa. Wapo waliodhani ni kwa sababu alikwisha kustaafu, na wengine wakanong'ona kwamba Roma imemtenga kwa msimamo wake wa kihafidhina.

Yote hayo siyo. Kardinali Pengo alizaliwa Mwazye, Sumbawanga, tarehe 5 Agosti 1944. Maana yake alitimiza miaka 80 tarehe 5 Agosti 2024, na Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025. Sheria ya Kanisa inasema kardinali aliyekwisha kutimiza miaka 80 kabla ya siku ambayo kiti cha Papa kinabaki wazi hapigi kura. Kustaafu jimbo hakuhusiki hata kidogo. Kardinali aliyestaafu akiwa na miaka 76 anaingia Sistina kama wengine. Wala kutimiza miaka 80 hakumvui mtu ukardinali. Kofia nyekundu inabaki, anaendelea kuitwa Mwadhama, na anaruhusiwa kuhudhuria vikao vya makardinali vinavyotangulia uchaguzi na kutoa maoni yake humo. Mlango wa Sistina ukifungwa tu, yeye anabaki nje.

Lakini nani aliamua hivyo? Kwa karne nyingi kardinali alikuwa na kura mpaka siku anazikwa. Sheria hii ni ya juzijuzi kwa saa ya Kanisa. Ilitoka Novemba 1970, na ukitaka kuielewa vizuri inafaa umjue mtu iliyemuuma kuliko karibu wote, mhafidhina mashuhuri kupita wahafidhina wote wa karne ya 20 mjini Roma: Kardinali Alfredo Ottaviani.

Ottaviani alizaliwa Roma tarehe 29 Oktoba 1890, mtaa wa Trastevere ng'ambo ya mto Tiber, mtaa wa watu wa kazi za mikono. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kijana huyo alikuwa na akili kali ya sheria. Alipata upadre mwaka 1916, akawa mwalimu wa sheria za Kanisa, na mwaka 1929 akawekwa kwenye nafasi ya juu katika Sekretarieti ya Vatikani. Mwaka 1935 akahamishiwa Ofisi Takatifu, idara iliyokuwa na kazi ya kulinda mafundisho ya imani, na huko akakaa miaka zaidi ya 30. Papa Pio XII alimfanya kardinali Januari 1953. Kwenye nembo yake aliandika maneno mawili ya Kilatini, Semper idem, yaani daima yuleyule, na kwa kweli aliishi hivyo.

Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumchora kama zimwi, na magazeti ya wakati ule yalimchora hivyo. Mimi sikubaliani nayo. Ottaviani aliamini kwa moyo wote kwamba imani ni amana aliyokabidhiwa, si mali yake kuigawa, na kwamba mlinzi akisinzia watu wa kawaida ndio watakaoumia. Unaweza kupinga hitimisho lake, nami napinga mengi, ila huwezi kusema alikuwa anatafuta cheo.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, uliofunguliwa Oktoba 1962. Maaskofu zaidi ya 2,000 walikusanyika ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na miongoni mwao alikuwapo Laurean Kardinali Rugambwa, wakati huo Askofu wa Bukoba, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi. Ottaviani ndiye aliyesimamia tume ya mafundisho. Rasimu zilizoandaliwa chini ya mkono wake zilitarajiwa kupita bila kelele. Hazikupita. Novemba 1962 rasimu kuhusu vyanzo vya ufunuo ilipopigiwa kura, walioikataa walikuwa 1,368 dhidi ya 822. Hesabu haikufika theluthi mbili zilizotakiwa ili kuizuia, lakini Papa Yohane XXIII aliona hali ilivyo akaiondoa mwenyewe ili iandikwe upya.

Wiki tatu kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo wanahistoria hawaachi kulisimulia. Tarehe 30 Oktoba, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 72, Ottaviani alisimama kupinga mabadiliko makubwa kwenye liturujia, yaani utaratibu wa ibada. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, hivyo alizungumza bila karatasi. Kila msemaji alipewa dakika 10. Alipozipita, mwenyekiti wa kikao, Kardinali Bernard Alfrink wa Uholanzi, alimwonya, kisha kipaza sauti kikazimwa. Mzee akaendelea kuzungumza hasikiki, akagundua, akakaa. Baadhi ya maaskofu wakapiga makofi. Nikisoma habari hiyo huwa naona aibu kwa niaba ya waliopiga makofi, hata kama hoja ya siku ile ilikuwa upande wao.

Mwaka uliofuata Kardinali Josef Frings wa Cologne alisimama mle mle na kusema namna Ofisi Takatifu inavyowashughulikia watu haifai na inaleta kashfa. Ottaviani alijibu kwa sauti iliyojaa uchungu. Lakini Mtaguso huohuo ulimpa pia saa ya heshima, na wengi hawaijui. Oktoba 1965 alisimama kuzungumzia vita, akataka vita vipigwe marufuku kabisa, na ukumbi ukampigia makofi marefu. Mlinzi wa sheria za zamani alikuwa mbele ya vijana wengi katika jambo hilo.

Katikati ya misukosuko hiyo kulikuwa na uchaguzi wa Papa. Yohane XXIII alifariki Juni 1963. Makardinali 80 waliingia Sistina, Ottaviani akiwamo, na Rugambwa wa Bukoba akiwa Mwafrika mweusi pekee kati yao. Alichaguliwa Giovanni Battista Montini, akajiita Paulo VI. Kwa kuwa Ottaviani alikuwa mkuu wa makardinali mashemasi, ndiye aliyetoka kwenye roshani kuutangazia ulimwengu jina hilo, na tarehe 30 Juni ndiye aliyemvika Papa mpya taji kichwani. Hakuna Papa mwingine aliyevikwa taji baada ya siku hiyo. Likumbuke jambo hilo tunapoelekea 1970.

Paulo VI hakuwa adui wa Ottaviani. Walifanya kazi pamoja zamani katika Sekretarieti ya Vatikani, na kuhusu uzazi wa mpango waraka wa Papa wa mwaka 1968 ulisimama upande ambao Ottaviani aliutetea. Waliachana zaidi kwenye Misa. Septemba 1969, Ottaviani, aliyekuwa amekwisha kustaafu, aliungana na Kardinali Antonio Bacci kumwandikia Papa barua ya kuupinga mpango mpya wa Misa. Papa hakurudi nyuma.

Kisha ikaja tarehe 21 Novemba 1970. Paulo VI alitoa barua fupi akieleza kwamba uzito wa kazi kubwa unahitaji nguvu, na nguvu hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo, tangu 1 Januari 1971, kardinali aliyetimiza miaka 80 hatapiga kura ya kumchagua Papa, wala hatakuwa mjumbe wa idara za Vatikani. Maaskofu walikwisha kuombwa kutoa barua za kujiuzulu wakifika 75, na sasa makardinali nao wakapata mpaka wao.

Piga hesabu. Ottaviani alitimiza miaka 80 tarehe 29 Oktoba 1970. Sheria ilitoka siku 23 baadaye. Yule aliyemvika Papa taji akanyang'anywa kura na Papa huyohuyo, pamoja na wazee wengine wapatao 25, mmoja wao Kardinali Eugène Tisserant, dekano, yaani kiongozi, wa makardinali wote, aliyekuwa na miaka 86. Ottaviani hakunyamaza. Alilalamika hadharani kwamba hatua hiyo inadharau mapokeo ya karne nyingi. Waliomwamini walisema waziwazi: Papa anawafagia wahafidhina ili mrithi wake asitoke upande wao.

Je, walikuwa na haki kusema hivyo? Nusu nusu. Ni kweli wengi walioguswa mwaka ule walikuwa watu wa mtazamo wa zamani, kwa sababu ndio waliokuwa wamezeeka. Ila kuna sababu nyingine ambayo sisi wa huku tunaiona vizuri kuliko wao. Baraza la Makardinali lilikuwa limejaa Waitalia na Wazungu wengine waliopewa kofia miongo kadhaa nyuma. Kama kila mmoja angebaki na kura mpaka kufa, nafasi ya Afrika na Asia ingebidi isubiri misiba. Paulo VI akaweka pia kikomo cha wapiga kura 120, ambacho mwaka 2025 kilipitwa, na nafasi zilizoachwa na wazee zikaanza kujazwa na watu wa mabara mengine. Mwaka 1963 Rugambwa alikaa peke yake. Alipoingia tena Sistina Agosti na Oktoba 1978, safari hii akiwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alikuwa na majirani: Maurice Otunga wa Nairobi, Emmanuel Nsubuga wa Kampala na Waafrika wengine. Ottaviani, mwenye miaka 87 na kipofu, alikuwa nje mara zote mbili. Alifariki Agosti 1979.

Namhurumia mzee yule, na bado nasema Paulo VI alifanya sawa. Bila mpaka ule, sauti ya Kampala na ya Nairobi ingechelewa sana kusikika mle ndani.

Yohane Paulo II aliiacha sheria hiyo isimame, ila mwaka 1996 aliibadilisha kidogo: umri ukawa unahesabiwa kwa siku kiti kinapobaki wazi, badala ya siku ya kuingia Sistina. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwaka 2013 iliamua mambo. Benedikto XVI alipong'atuka tarehe 28 Februari, Kardinali Lubomyr Husar wa Ukraine alikuwa ametimiza miaka 80 siku mbili tu kabla, akakosa kura. Walter Kasper wa Ujerumani alitimiza 80 tarehe 5 Machi, siku chache kabla ya uchaguzi, akapiga kura yake bila tatizo.

Hapo ndipo dhana ya kwamba miaka 80 ni panga la kukatia wahafidhina inapoanguka. Mwaka 2025 Kardinali Robert Sarah wa Guinea, ambaye uhafidhina wake hauna mjadala, aliingia Sistina kwa sababu alikuwa bado na miaka 79. Alitimiza 80 mwezi uliofuata. Óscar Rodríguez Maradiaga wa Honduras, mtu wa karibu mno na Papa Fransisko, alikuwa na miaka 82, akabaki nje. Pengo amemzidi Sarah miezi 10 tu. Kalenda haikumuuliza mtu anaamini nini.

Kwa Kardinali Pengo jibu ni hilohilo. Yeye, msomi wa teolojia ya maadili, alisomea Roma, akaongoza Seminari Kuu ya Segerea, akawekwa wakfu kuwa askofu na Yohane Paulo II mwenyewe tarehe 6 Januari 1984. Alikabidhiwa Dar es Salaam Julai 1992, siku 10 tu baada ya Laurean Rugambwa naye kutimiza miaka 80, na akapewa kofia nyekundu Februari 1998. Kwamba alishikilia mafundisho ya zamani kuhusu ndoa na uzazi, hilo linajulikana jijini kote. Lakini msimamo huohuo ndio aliokuwa nao alipopiga kura mara mbili.

Hapa kuna jambo ambalo hata Wakatoliki wengi wa nchini hawajaliwekea mstari: tangu 1963 mpaka 2025 kumekuwa na chaguzi sita za Papa, na kila mojawapo imekuwa na Mtanzania mmoja ndani. Laurean Rugambwa mara tatu, Pengo mara mbili, na Protase Rugambwa mara moja, akiwa kati ya makardinali 133 waliomchagua Leo XIV tarehe 8 Mei 2025. Huyu wa tatu alizaliwa tarehe 31 Mei 1960, miezi miwili baada ya Rugambwa wa kwanza kupewa ukardinali. Sheria ikibaki kama ilivyo, na hakuna anayeweza kuibadilisha isipokuwa Papa mwenyewe, kura yake itakoma tarehe 31 Mei 2040.