Je, wajua? Mlipuko mkubwa wa kwanza wa haidrojeni haukuwa wa bomu

Niliwahi kubishana steji ya boda hapa Jinja nikisema Wamarekani waliangusha bomu la haidrojeni mwaka 1952. Nilikosea. Hawakuangusha chochote.

Kilicholipuka Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 1 Novemba 1952 kiliitwa Mike. Mafuta yake yalikuwa deuteri, haidrojeni nzito, iliyopozwa ikawa kimiminika karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Pamoja na mitambo ya kupoza, kilizidi tani 70 na kilijengewa nyumba yake. Fikiria mashine ya kusaga posho: injini imefungwa kwa bolti kwenye sementi, pembeni pipa la maji ya kuipoza. Inasaga kweli kweli, ila huwezi kuipanda ukaenda Iganga. Hicho ndicho kifaa: kinalipuka, hakisafiri. Wala si mchezo, maana kwa megatoni 10.4, yaani nguvu ya tani milioni 10.4 za baruti ya TNT, kilikifuta kisiwa cha Elugelab.

Kwa nini mambo yote hayo? Anayewasha sigiri anajua makaa hayashiki kwa njiti ya kiberiti. Huanza na karatasi na vijiti. Haidrojeni ni makaa magumu zaidi. Karatasi yake ni bomu la atomu, la kupasua viini, na eksirei zinazotoka humo hubana mafuta mpaka viini vyake viungane. (Sigiri haibanwi, kwa hiyo mfano wangu unaishia hapo. Undani wa kubana huko bado ni siri za serikali.)

Baadaye ikatumika lithiamu deuteridi, unga mkavu uliogandamizwa, usiohitaji kupozwa. Injini ikang'oka kwenye sementi. Ukiivika ganda na mapezi, ikadondoshwa na ndege, ni bomu. Lile la Wasovieti la mwaka 1961 lilikuwa na tani kama 27 na parachuti juu. Ukiipachika kwenye kombora, ni kichwa cha nyuklia. Nami nilidhani kichwa ni ile ncha ya kombora! Kumbe ni mzigo wenyewe, na kombora moja laweza kubeba kadhaa.

Kinachonifurahisha ni W85. Hiki kilikuwa kichwa cha kombora la Pershing II. Mkataba wa 1987 kati ya Marekani na Wasovieti ulipoyaondoa makombora hayo, Wamarekani walivichukua vichwa, wakavivika maganda mapya, wakaviita B61-10. Vikawa mabomu.