Kibofu kijae, alama zisifutike: mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi

Mtaani tunasema "kuchomwa mionzi", na neno hilo huwatia watu hofu ya bure. Kozi nzima ya mionzi ya nje ya saratani ya mlango wa kizazi ni kama grei 45 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Nishati hiyo yote ikigeuzwa joto, haipandishi maji hata digrii moja. Ni takriban sehemu moja ya mia ya digrii. Pale kwenye meza ya tiba hakuna kinachoungua. Unalala, mashine inakuzunguka dakika chache, unashuka, na ukifika nyumbani mbebe mjukuu wako, kwani hakuna mionzi inayobaki mwilini.

Kazi inafanyika ndani ya seli. Mionzi hukata vinasaba; seli nzima hujikarabati ndani ya saa chache, za saratani nyingi hushindwa. Ndiyo maana dozi haitolewi kwa mkupuo: grei 1.8 kwa siku, siku tano kwa wiki, mara 25.

Tatizo ni kwamba mashine haijui uvimbe uko wapi. Inapiga pale sisi wahudumu wa mionzi tulipopapima siku ya sitiskani (picha za mwili wa ndani, kipande kwa kipande) ya kupanga tiba. Siku hiyo unalazwa kwenye meza bapa, ngumu kama ubao, magoti yakiwa juu ya kiegemeo. Mistari ya leza inapita tumboni na kwenye nyonga zote mbili, na inapokutana tunaweka alama tatu. Daktari anauzungushia mstari uvimbe na viungo jirani, picha moja baada ya nyingine, kisha mwanafizikia tiba anapanga miale. Tangu hapo kazi yetu ni kukurudisha palepale kila siku. Alama za kalamu zikififia kwa jasho au dodoki, usijichoree mwenyewe. Mstari uliochorwa upya kwa nia njema, sentimita moja pembeni, ni hatari kuliko uliofutika kabisa, maana uliofutika tutauona na kupima tena.

Halafu alama ziko kwenye ngozi, kizazi kiko ndani, kimeegemea kibofu. Kibofu kikijaa, utumbo mwembamba husukumwa juu, nje ya njia ya miale. Kikiwa kitupu, utumbo hushuka na kula dozi isiyo yake, na kuhara kunazidi. Utaratibu unaotumika sana ni huu: kojoa, kunywa maji nusu lita, subiri dakika 30 hadi 45, ingia. Rahisi kusema. Mama anayepanda daladala alfajiri kutoka Mbagala hanywi hata funda, anaogopa kubanwa kwenye foleni ya magari. Akifika anabugia chupa nzima, lakini mwili uliokauka hauachii mkojo haraka, na baada ya nusu saa kibofu bado kimesinyaa. Anywe kidogo kidogo tangu nyumbani, akojoe akifika, ndipo aanze kuhesabu dakika. Mwingine anajaa vizuri, zamu inachelewa, anashindwa kuvumilia, anakwenda chooni na kurudi kimya kimya. Tafadhali sema. Kuanza upya ni dakika 40 tu. Choo kigumu nacho kiripoti, kwa sababu puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, ikijaa huusukuma mlango wa kizazi mbele.

Wanaotibiwa kwa mashine ya kobalti, ambayo mionzi yake hutoka kwenye madini ya kobalti-60, huuliza mbona mwenzao wa miaka iliyopita alilala dakika mbili, wao wanalala nne. Hawaongezewi dozi. Kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5.27, karibu asilimia 1 kwa mwezi, basi muda hurefushwa ili dozi ibaki ileile. Dozi ya kobalti pia hufikia kilele nusu sentimita tu chini ya ngozi, wakati ile ya miale ya megavolti 6 ya linaki, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, hufikia kwenye sentimita 1.5. Kwa hiyo tegemea ngozi ya kinena kuwa nyeusi na kuwasha.

Suala la siku nalishikilia kuliko yote. Baada ya wiki kama nne, seli za saratani zilizosalia huongeza kasi ya kugawanyika. Mionzi yote, pamoja na ile ya ndani inayopitishwa kwa mrija hadi kwenye kizazi, inapaswa kuisha ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hapo hukadiriwa kupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa asilimia 0.5 hadi 1. Damu nayo ipimwe kila wiki. Mionzi hufanya kazi vizuri penye oksijeni, na mgonjwa aliyetokwa damu miezi kadhaa akiwa na himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) chini ya gramu 10 kwa desilita mara nyingi huongezewa damu kwanza.

Ukikosa siku, usingoje Jumatatu ndipo useme. Piga simu siku hiyohiyo, kwa sababu dozi iliyorukwa inaweza kufidiwa Jumamosi, au kwa kupigwa mara mbili ndani ya siku moja, mradi zipite saa 6 katikati.