"Sitapeleka askari": mgombea urais, vita na maana ya msaada wa kijeshi

Marekani ikiingia kwenye uchaguzi wa urais, ubishi unafika mpaka Kibirizi, hapa Kigoma, pale zinapofunga boti za Kongo na Burundi. Redio imewashwa, wapagazi wamekaa juu ya magunia wakisubiri mzigo, na kila mmoja ana mgombea wake. Jioni moja kijana mmoja alikuwa akimweleza muuza kahawa kwa uhakika mkubwa: "Mzee wangu, huyu kasema hatapeleka hata askari mmoja nje. Vita si ndiyo imekwisha hiyo?" Mzee akammiminia kikombe, akamjibu bila kuinua macho: "Askari hapeleki, mwanangu, sawa. Na bunduki je?"

Swali hilo la bunduki ndilo linalopotea kwenye habari nyingi tunazosoma kuhusu wagombea wa mataifa makubwa. Tunaambiwa huyu ni wa amani na yule ni wa vita, basi, tunachagua upande. Lakini mgombea anaposema msimamo wake kuhusu vita, anakuwa anazungumzia mambo mawili tofauti. La kwanza ni nchi yake kupigana yenyewe. La pili ni nchi yake kumwezesha mwingine apigane. Mtu anaweza kulikataa la kwanza kwa nguvu zote huku la pili akiliongeza mara tatu, na hatakuwa amesema uongo hata kidogo.

Hilo la pili ndilo linaloitwa msaada wa kijeshi: serikali moja kuipa nyingine, au kundi linalopigana, uwezo wa kivita ambao mpokeaji hana. Watu wengi wakisikia hivyo wanawaza meli imejaa mizinga. Mizinga imo, ila ni sehemu tu. Kuna kutoa silaha moja kwa moja kutoka ghala la jeshi la mtoaji. Kuna mafunzo, ama wakufunzi wanakuja au maofisa wanakwenda kusoma. Kuna vipuri na ufundi, kwa sababu ndege ya kivita isiyo na vipuri ni chuma tu. Kuna taarifa za kijasusi, yaani picha za setilaiti na habari za adui yuko wapi, msaada ambao hauonekani bandarini na pengine ndio wenye makali kuliko yote. Kuna washauri wa kijeshi, watu ambao rasmi hawapigani.

Halafu kuna fedha. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mwaka 2016, chini ya Rais Barack Obama, Marekani ilisaini makubaliano ya kuipa Israeli dola bilioni 38 kwa miaka 10, kuanzia 2019 hadi 2028. Misri nayo imekuwa ikitengewa kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka, mpango uliotokana na mkataba wake wa amani na Israeli wa 1979. Ukisikia mabilioni hayo unaona masanduku ya noti yakipakiwa kwenye ndege. Sivyo. Fedha ya aina hii kwa sehemu kubwa inanunua silaha kwenye viwanda vya Marekani kwenyewe. Ni kama kupewa vocha inayotumika kwenye duka la aliyekupa vocha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana mgombea anayetangaza kufuta misaada ya kijeshi anapata maadui majumbani kwake kabla hajapata hata mmoja ng'ambo: kiwanda cha makombora kina wafanyakazi, wafanyakazi wana kura, na jimbo lina mbunge.

Sisi wa ukanda wa ziwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1964 Lyndon Johnson, aliyekuwa tayari rais, aligombea urais wa Marekani akijionyesha kuwa mtu wa tahadhari dhidi ya Barry Goldwater, aliyeonekana mpenda vita. Johnson aliwaambia wapiga kura kwamba hatapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kutoka kwao wakafanye kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kuifanya wenyewe. Akashinda kwa kishindo tarehe 3 Novemba. Tarehe 24 Novemba, wiki tatu tu baadaye, ndege za jeshi la Marekani zilidondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, mji wa Kongo ambao leo ni Kisangani. Machi 1965 askari wa majini wa Marekani walishuka Da Nang, Vietnam, na kufikia mwisho wa muhula wake askari wote wa Marekani kule walikuwa wamevuka nusu milioni.

Kuhusu Vietnam, watu wamemlaumu Johnson vya kutosha. Mimi kinachonivutia ni Kongo, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Tangu kampeni haijaisha serikali yake ilikuwa tayari inamsaidia Moïse Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, kwa ndege za kivita. Marubani wengi hawakuwa Wamarekani bali Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Mamluki wa kizungu walipigana chini, ndege zikawafunika juu, na baadaye zikaletwa hata boti za doria katika Ziwa Tanganyika. Kijana wa Kimarekani hakupelekwa kupigana, kama alivyoahidi. Vita ikapelekwa.

Na upande wetu je? Tusijifanye tulikuwa watazamaji. Silaha za Urusi na China kwa ajili ya waasi wa Kongo zilikuwa zikishushwa Dar es Salaam na kuletwa Kigoma. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi mwenzake Castro, alifika hapa kimyakimya na kundi la kwanza la Wakuba, wakavuka ziwa usiku kwenda Kibamba, upande wa Kongo. Wenzao wakafuata, wakazidi mia moja. Kazi yao kwa jina ilikuwa kufundisha. Waliishia kupigana, wakashindwa, na Novemba mwaka huohuo wakarudi Kigoma kwa boti, huku wakiwindwa. Kwa hiyo katika ziwa hilihili wavuvi wetu wanaloogea, Wakuba walikuwa pande zote mbili, kila upande ukiwa ni msaada wa kijeshi wa mtu mwingine. Hakuna bunge lililotangaza vita. Washington haikutangaza, Havana haikutangaza, wala sisi.

Kutangaza vita kwenyewe, kwa Marekani, kumekuwa kama kumbukumbu ya makumbusho. Katiba yao inalikabidhi bunge lao, yaani Congress, mamlaka hayo, na mara ya mwisho kuyatumia ni 1942. Korea, Vietnam, Irak na Afghanistan zote zilipiganwa bila tangazo la vita. Baada ya machungu ya Vietnam, mwaka 1973 Congress ilipitisha sheria inayomtaka rais atoe taarifa ndani ya saa 48 akiingiza majeshi kwenye mapigano, na ayaondoe ndani ya siku 60 asiporuhusiwa kuendelea. Marais wamekuwa wakiizunguka sheria hiyo kwa ustadi. Lakini bunge lao lina kitu kingine kisichozungukika kirahisi: mfuko. Fedha za msaada wa kijeshi zinapitishwa na wabunge. Rais anaweza kuchota silaha ghalani kwa dharura, ila kwa kawaida kiwango cha mwaka ni dola milioni 100, na ilibidi Congress wakipandishe mno ili silaha nyingi hivyo ziende Ukraine baada ya Urusi kuivamia Februari 2022.

Sasa mgombea akisimama jukwaani na kusema "nitakata msaada siku ya kwanza", swali ni: atakata upi? Donald Trump anatupa mifano miwili kwa mpigo. Mwaka 2019, akiwa rais, alizuia dola zipatazo milioni 391 za Ukraine ambazo bunge lilikuwa limeshazipitisha. Jambo hilo likawa kiini cha Baraza la Wawakilishi kumfungulia mashtaka Desemba mwaka huo. Seneti ikamwachia Februari 2020. Ofisi ya ukaguzi ya bunge ilisema kuzuia kule kulivunja sheria. Halafu katika kampeni za 2024 akaahidi kuimaliza vita ya Ukraine ndani ya saa 24. Aliapishwa Januari 2025, saa 24 zikapita, zikapita na nyingine. Mwanzoni mwa Machi, baada ya majibizano makali na Rais Volodymyr Zelensky katika Ikulu ya White House, alisitisha silaha pamoja na taarifa za kijasusi. Kusitisha huko kulidumu kama wiki moja tu, lakini kulitosha kuonyesha bomba lipi ndilo lenye maji. Julai ukaja mpango mwingine: nchi za muungano wa kijeshi wa NATO zinunue silaha za Marekani, kisha ziipe Ukraine.

Mpango huo wa Julai unafaa kuangaliwa vizuri, maana vichwa vya habari huuchanganya. Silaha ni zilezile na anayepigwa nazo ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani analipa. Mgombea wa namna hii si wa amani wala si wa vita. Ni mfanyabiashara, na hilo nalo ni msimamo. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani anapinga msaada wa kijeshi, muulize kama anapinga silaha kwenda au anapinga kuzilipia.

Wapo pia wasiopinga kutoa, ila wanataka masharti. Marekani ina sheria inayokataza kuvisaidia vikosi vilivyothibitika kufanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, na wagombea hugombana kuhusu ikazwe au ilegezwe, hasa inapofika kwa nchi rafiki. Masharti, hata hivyo, si lazima yawe ya haki za binadamu. Mara nyingi mtoaji anataka utii.

Hili Tanzania tulilionja mapema. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku ya pili kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Walitaka mishahara bora na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere, kwa uchungu, akalazimika kuwaita Waingereza haohao kuyazima maasi, kisha askari wa Nigeria wakaja kushika doria wakati jeshi jipya likiundwa. Jeshi hilo, JWTZ, lilizaliwa Septemba 1964, na Mwalimu akahakikisha halinyweshwi na mkono mmoja: China, Kanada na Ujerumani Magharibi wote wakapewa sehemu ya kufundisha. Februari 1965 Ujerumani Magharibi ikakasirika kwa sababu tuliruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya konseli Dar es Salaam, ikaondoa wakufunzi wake wa kikosi cha anga. Ilitarajia tuombe radhi ili misaada mingine isiguswe. Mwalimu akawaambia wachukue na iliyobaki.

Naupenda mkasa huo kuliko mingi ya aina yake, na si kwa ajili ya ujasiri peke yake. Unaonyesha kwamba mpokeaji naye ana msimamo, jambo ambalo kampeni za wakubwa hulisahau. Aliyegawa utegemezi wake kwa watatu anaweza kumfukuza mmoja. Ukraine ilipokatiwa Machi 2025 ilikuwa na Ulaya ya kuegemea, angalau kwa baadhi ya mambo.

Kwa watu wa mkoa huu kuna hesabu nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kwa miaka mingi familia kutoka pale zilikuwa zikipelekwa kuishi Marekani. Vijana wengi niliowasikia wakimshangilia mgombea wa "vita si yetu" hawakuunganisha na upande wa pili wa msimamo huohuo. Mwanasiasa asiyetaka fedha za nchi yake ziende kwenye vita vya mbali mara nyingi hataki pia waliokimbia vita hivyo waje kwake. Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari za watu waliokwisha pita usaili zikafutwa. Si lazima mambo hayo mawili yaende pamoja. Wako wanaopinga vita na kutaka wakimbizi wapokelewe. Ila usidhani moja linaleta jingine.

Na wagombea wetu wenyewe? Ibara ya 44 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, kisha tangazo linapelekwa kwa Spika na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 ili liamue kama linaliunga mkono. Hiyo ni vita ya kutangazwa. Kupeleka vikosi nje kusaidia wengine ni njia nyingine, na tumeshaipita: mwaka 2013 askari wetu walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyowapiga waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, na miaka kumi baadaye tukawa tena kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hukohuko. Kikosi hicho SADC iliamua kukiondoa Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, na baada ya vijana wetu kadhaa kurudishwa kwenye majeneza.

Uchaguzi wetu ulikuwa Oktoba mwaka huohuo. Kwenye mikutano ya kampeni niliyohudhuria hapa Kigoma mjini nilisikia habari za barabara, umeme, bandari na bei ya mbolea, yote mambo ya haki kabisa. Kongo, ambayo siku ya anga safi unaiona milima yake ukiwa umesimama Ujiji, haikutajwa. Hakuna mgombea aliyeulizwa ni kwa sharti gani angepeleka askari kule, wala kama angelieleza Bunge kabla au baada ya ndege kuruka.