Shahada ya sayansi ya wanyama haiingiwi kwa cheti cha kidato cha nne

Ujumbe huu huzunguka kila msimu wa udahili: “Sayansi ya wanyama chuo kikuu, D nne za kidato cha nne zinatosha, ada bure.” Si kweli. Nchini Tanzania, shahada hudai ufaulu wa kidato cha sita, kwa kawaida Baiolojia na Kemia, au stashahada inayohusiana. D nne hufungua mlango wa astashahada ya mifugo; hapo ndipo watu huchanganya. Na “bure” ni mkopo: unaombwa, unarejeshwa. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huu, tafuta jina la kozi, soma safu ya sifa. Ujumbe usiotaja chuo usiusambaze, hata ukitoka kwa mjomba.