Damu Itapita Wapi?

"Daktari, huu mshipa ukishauua, damu itapita wapi?"

Mwulizaji ni msusi wa Kenyatta Market, Nairobi, mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi amesimama nyuma ya vichwa vya watu tangu asubuhi hadi giza liingie. Amepandisha rinda juu ya goti. Kando ya kifundo cha mguu wa kushoto ana vimishipa vyembamba vya zambarau vilivyotanda kama uzi wa buibui, na hivyo ndivyo vilivyomleta kwangu. Mimi macho yangu yalikuwa yamekwama juu zaidi, kwenye mshipa mnene uliojipindapinda ndani ya shavu la mguu kama kamba iliyotupwa.

Swali lake nalipenda kwa sababu ukilijibu vizuri, habari yote ya sindano hizi za kufunga mishipa iliyoharibika ya miguu imeeleweka.

Damu kushuka mguuni si kazi. Kazi ni kuipandisha. Shavu la mguu likikaza unapotembea, linakamua damu iliyo kwenye vena za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kuelekea juu, na vali ndogo zilizomo zinaizuia isirudi. Ukisimama wima bila kusogea, shinikizo kwenye vena za kifundoni hufika kama milimita 90 za zebaki. Ukipiga hatua kadhaa, linashuka chini ya 30. Vali zikilegea, damu inayopanda inateremka tena, shinikizo linabaki juu hata ukitembea, na mshipa wa karibu na ngozi unatanuka na kujipinda. Baada ya miaka ngozi ya kifundoni inaanza kuwa nyeusi na ngumu, na wengine wanapata kidonda kisichopona. Walinzi, walimu, wapishi wa hoteli, wasusi: naona miguu yao kila wiki. Kusimama peke yake hakuleti ugonjwa. Urithi, umri na mimba vina mkono mkubwa. Lakini kusimama kunaukoleza.

Sasa jibu. Vena za ndani, zilizozungukwa na misuli, hubeba takriban asilimia 90 ya damu inayotoka mguuni. Hizi za juu zina sehemu ndogo tu, na ule ulioharibika hata hiyo sehemu yake haufikishi. Nilimwambia hivi: mama, huo mshipa ni matatu ya Rongai inayojaza abiria, ikifika Bomas inageuza na kuwarudisha mjini. Ukiitoa barabarani, nani amekosa usafiri?

Alicheka. Halafu akaniuliza bei, kama mtu yeyote mwenye akili.

Kabla ya bei kuna ultrasaundi, na hapa nina neno. Mgonjwa apimwe akiwa amesimama, si amelala chali. Namkamua shavu la mguu kwa mkono, naachilia, natazama kwenye skrini kama damu inarudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde. Ikirudi hivyo kwenye vena ile ndefu inayotoka kifundoni hadi kinenani, basi chanzo kiko juu. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na pupa ya kuchoma sindano vimishipa vilivyoonekana kwa macho, mgonjwa anafurahi, mimi nafurahi, na baada ya miezi michache tunakutana tena vikiwa vimerudi na wenzake. Nilikuwa kama mwenye nyumba anayepaka dari rangi kila baada ya masika na bati la juu lina tundu. Siku hizi wanaonijia wameshachomwa kwingine bila kupimwa nawahurumia, kwa kuwa makosa yenyewe niliwahi kuyafanya.

Msusi wetu vali zake za juu zilikuwa zimelegea. Nilimweleza kwamba kwa vena kubwa namna hiyo, kuichoma kwa joto la leza au mawimbi ya redio kutoka ndani kwa kawaida hudumu kuliko povu la dawa linalodungwa kwa sindano, ila gharama yake ni kubwa. Povu linaweza kuhitaji kurudiwa. Alichagua povu.

Dawa niitumiayo ni polidokanoli, iliyoanza maisha yake kama dawa ya ganzi, ndiyo maana haichomi sana. Nyingine ni sodiamu tetradesili salfeti. Zote zina tabia ya sabuni: zinaunguza utando wa ndani wa mshipa, kuta zinavimba na kushikana, mshipa unageuka kovu jembamba ambalo mwili unalila polepole. Kwa vimishipa visivyofika milimita moja natumia dawa ya majimaji, nyepesi, na sindano nyembamba kama unywele. Kwa mishipa minene majimaji huchanganyika na damu na kuisha nguvu, kwa hiyo tunatengeneza povu. Mwaka 2000 Mwitaliano Lorenzo Tessari alieleza njia rahisi: bomba mbili za sindano zilizounganishwa kwa kiungio chenye njia tatu, sehemu moja ya dawa na nne za hewa, unasukuma huku na huku hadi inakuwa nyeupe kama povu la maziwa. Povu linaisukuma damu kando na kugusa ukuta wote. Kwenye ultrasaundi linang'aa, unaliona likipanda mshipani. Hata leo huwa nafurahi kulitazama.

Kazi nzima haikuchukua hata saa moja. Kisha soksi ndefu za kubana, na papo hapo atembee nusu saa. Asiende kulala. Safari ndefu ya basi au ndege nayo isubiri; mmoja aliniambia ana tiketi ya usiku ya Kisumu, tukaahirisha sindano. Soksi nataka zivaliwe mchana kwa wiki mbili. Julai hakuna anayelalamika. Februari wanazivua wakifika kwenye ngazi.

Mjamzito simchomi: mishipa mingi ya mimba hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Aliye na damu iliyoganda kwenye vena za ndani, asiyeweza kutembea, au aliyewahi kudhurika na dawa yenyewe, vivyo hivyo.

Na doa. Hili nalisema mara mbili, maana kwenye ngozi zetu linaonekana. Damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa huacha chuma chake kwenye ngozi, na mstari wa kahawia unafuata njia ya mshipa. Kwa wengi hufifia ndani ya mwaka mmoja, kwa wachache hubaki. Kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu namwita mgonjwa, na nikikuta uvimbe mgumu wa damu natoboa kidogo na kuikamua. Wachache huota vimishipa vipya vyekundu pembeni ya pale palipochomwa. Povu linaweza kumfanya mtu aone nyotanyota au apate kipandauso kwa muda. Mzio mkali ni nadra, lakini adrenalini ya kuutuliza iko mezani kila siku. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kunitumia picha WhatsApp.

Vile vya zambarau vilivyomleta sikuvigusa siku ile. Alinuna kidogo. Alirudi baada ya miezi mitatu, mshipa mnene umekuwa uzi mgumu unaoshikika kwa kidole tu, na nusu ya ule utando wa zambarau ulikuwa umejiendea wenyewe. Uliosalia tulimaliza kwa sindano sita. Nilimshauri atafute kigoda kirefu asuke akiwa amekaa.

"Kwa kile kibanda, daktari? Mteja ndiye mwenye kiti."

Tukakubaliana awe anainua visigino, ishirini ishirini, kila anapomaliza mstari mmoja wa nywele.