Jina lako liwe moja kwanza, umaarufu baadaye

Tangu wahitimu wa karibuni waanze kuomba kazi, dawati letu la ushauri wa ajira hapa chuoni limekuwa likipokea lalamiko moja kwa maneno tofauti: "Nina wafuasi, nina wasifu uliopangwa vizuri, nimehudhuria semina za kujenga brandi, mbona siitwi kwenye usaili?" Wengi humalizia kwa kusema kazi ni za wenye watu. Upendeleo upo na sitaukana. Lakini tumepitia maombi ambayo vijana wenyewe wametuletea, na sehemu kubwa ilikwama kabla hajatokea mtu wa kupima uwezo wa mwombaji. Ilikwama kwenye jina.

Brandi binafsi, kwa lugha ya nyumbani, ni jina la mtu na yanayosemwa likitajwa. Jambo hili wazee wetu walilijua kabla ya simu. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi jina linahakikiwa na mashine na makarani wasiokujua. Hawajui kwamba Mariam wa cheti cha kuzaliwa ndiye Mariamu wa kidato cha nne, ndiye Maryam wa kitambulisho cha Taifa, ndiye Mamu wa Instagram. Wewe unajiona mtu mmoja. Wao wanaona watu wanne.

Tuanzie hapo. Weka nyaraka zako zote mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA, vyeti vya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), cheti cha chuo. Soma kila jina herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa tofauti ni ya tahajia, au jina la babu limeachwa kwenye waraka mmoja, kwa kawaida kiapo cha maandishi mbele ya Kamishna wa Viapo, yaani mtu anayeruhusiwa kisheria kuapisha, hueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Ikiwa umebadili jina lenyewe, kwa ndoa, kwa dini au kwa hiari, kiapo pekee hakitoshi. Unahitaji hati ya kubadili jina, ile inayoitwa didipoli: huandaliwa na wakili, hulipiwa ushuru wa stempu, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati iliyosainiwa na wakili tu, ikabaki kwenye bahasha bila kusajiliwa, haijakamilika. Nasisitiza kwa sababu kila msimu tunaletewa bahasha za namna hiyo, tena asubuhi ya usaili. Hati hiyo pia haifuti jina lililo kwenye cheti chako cha zamani. Inaeleza tu kwamba wa zamani na wa sasa ni mmoja, kwa hiyo utakwenda nayo pamoja na vyeti hivyo popote utakapoitwa.

Dada zangu mnaoolewa, sheria hailazimishi kubadili jina. Ukichagua kulibadili, libadili kila mahali. Kuwa na jina la mume kwenye barua pepe na la baba kwenye maombi ya kazi ni kujitafutia maswali.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanaeleza viambatisho vinavyotakiwa, na bado watu hawayasomi hadi mwisho. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika: TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati. Barua ya maombi isainiwe. Ndiyo, isainiwe. Kijana aliyeandika kurasa mbili kujieleza kuwa yeye ni makini, kisha akasahau sahihi, amejieleza vya kutosha.

Sasa lile ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika taarifa hiyo hiyo, vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Yaani jina moja, watu wawili au zaidi. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, na wapo waliosifiwa na majirani na wagonjwa waliowahudumia. Jina lote hilo lilianguka siku moja kwa sababu msingi wake haukuwa wao.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa kosa la kughushi nyaraka, pale ambapo sheria haikutaja adhabu nyingine. Anayewasilisha waraka wa kughushi huku akijua anaadhibiwa sawa na aliyeutengeneza. Kwa hiyo utetezi wa "nilitengenezewa na mtu wa steshenari" hausaidii. Mwaka 2022 Serikali iliamua watumishi walioondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango ya hifadhi ya jamii waliyokatwa kwenye mishahara, na tangu hapo nasikia vijana wakisema mambo yaliisha, walisamehewa. Si kweli. Kurudishiwa fedha uliyokatwa si kuhalalisha cheti. Na kughushi hakuanzii kwenye muhuri bandia tu. Kupandisha daraja kwenye wasifu, kuandika "meneja" mahali ulipojitolea kwa miezi mitatu, kubadili mwaka wa kuzaliwa ili uwahi kikomo cha umri: ni tabia ile ile ikiwa bado changa.

Jina pia huibwa. Wapo waliogundua kwamba namba yao ya NIDA imesajili laini wasizozijua, na laini hizo ndizo zinazotuma zile jumbe za kitapeli za "hiyo pesa tuma kwenye namba hii". Piga *106#, angalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Akaunti ikifunguliwa kwa jina na picha yako, usianze kugombana nayo hadharani. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, nakili kiungo chake, toa taarifa kwa mtandao husika, halafu nenda polisi na ushahidi huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka kwa anayejifanya mtu mwingine faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida aliyoipata, kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe na taasisi inayozitunza. Watu wachache mno wanaitumia haki hiyo.

Kuhusu unachoandika mitandaoni sina mengi. Mnajua.

Nina mengi kuhusu wadhamini. Tangazo hutaka watatu, na mwombaji huandika mbunge, mchungaji na mjomba. Mwajiri akipiga simu, mbunge hapokei, mchungaji anasema ni kijana mwema, mjomba anasema ni mtoto wetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona ukifanya kazi. Mdhamini mzuri ni mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, fundi mkuu wa karakana uliyofanyia mafunzo kwa vitendo, mwenye duka uliyemfungia hesabu za mwezi. Muombe ruhusa kabla ya kumwandika. Mkumbushe ulifanya nini na lini, kwa maana yeye ana wanafunzi mia. Namba yake ikibadilika, uwe wa kwanza kujua.

Vijana wengi hujibu hapa kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini inatumiwa kama ruhusa ya kukaa kimya. Kizuri kilijiuza pale sokoni ambapo mnunuzi alikishika na kukinusa. Msimamizi wako wa mafunzo amekushika na kukunusa. Mwajiri hajafanya hivyo, na njia yake pekee ni kumsikia msimamizi huyo. Ndiyo maana mara nyingi nawaona wapole wenye kazi safi wakipitwa na wasemaji, na inaniumiza, kwa sababu simu moja kwa mtu sahihi ingetosha.

Dawati letu linasaidia bila malipo kulinganisha nyaraka na kupitia wasifu. Njoo na vyeti halisi na tangazo la kazi unayoiomba. Picha ya cheti kwenye simu hatuwezi kuifanyia kazi. Na kama majina yako yanatofautiana, usisubiri uitwe kwenye usaili ndipo uje, kwa sababu usajili wa hati ya kubadili jina hauishi kwa siku moja.