Yola hajauhama muziki wa country jamani

Kuna watu wakisikia My Way, ile EP (albamu fupi) ya 2025 ya mwimbaji Yola, wanasema eti dada kaikimbia country, kaona hailipi kaingia kwenye disko. Sio kweli bana. Kwanza huyu ni Mwingereza wa kule Bristol, sio wa Nashville, makao ya country kule Marekani, na kabla ya albamu yake ya kwanza, Walk Through Fire ya 2019, alishaimba miaka kibao na bendi ya Phantom Limb, akafanya kazi na kundi la Massive Attack pia, kwahiyo tuzo za Grammy walivyomteua kuwania msanii mpya bora akiwa na miaka 36 mi nilicheka tu.

Hiyo albamu ya kwanza, aliyoisimamia prodyuza Dan Auerbach, magitaa na vinanda ni vya country lakini sikiliza koo lake anavyopandisha sauti, hiyo ni soul tupu, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye hisia za kanisani. Halafu 2021 kwenye albamu ya Stand for Myself kuna wimbo Dancing Away in Tears, disko kabisa, yaani hiyo njia alishaianza zamani. Na mwimbaji wa Marekani Ray Charles si alishachanganya soul na country tangu 1962?